Ofisi Isiyo na Wino

Ipo nchi moja ambayo msihangaike kuitafuta kwenye ramani, kwa sababu Idara ya Ramani ya nchi hiyo ilifungwa mwaka juzi baada ya kuonekana haina thamani. Watu wake ni wapole, wanasalimiana vizuri, na wana serikali inayowapenda mno, kiasi kwamba kila ikiamka inawapima. Huko ndiko yalikomkuta Bi Stamili Kihongwe mambo haya, na kama kuna msomaji anayedhani anaifahamu nchi yenyewe, ajue amekosea, na anyamaze.

Katika nchi hiyo kila ofisi ina rangi yake ya wino. Mkuu wa nchi huandika kwa dhahabu, mawaziri kwa zambarau, wakuu wa vyuo kwa kijani, wakaguzi kwa nyekundu na maprofesa kwa bluu. Mambo haya yamepangwa na Sheria ya Wino, yenye vifungu mia mbili na kumi, na hiyo ndiyo sheria pekee ambayo hakuna raia amewahi kuivunja. Ofisi isiyopangiwa wino hutumia penseli. Na kwa kuwa waraka unaopanda juu lazima uwe msafi, penseli yote hufutwa kabla waraka haujafika kwa mwenye wino.

Ofisi ya Kuendeleza Utafiti ya Chuo Kikuu cha Taifa ilianzishwa mwaka ambao Kamati ya Wino ilikuwa likizo, kwa hiyo haikupangiwa rangi. Bi Stamili, mkuu wake, aliandika barua tisa kuomba wino. Aliziandika kwa penseli, angefanyaje? Zilifutwa njiani zote tisa, zikafika juu zikiwa karatasi nyeupe, na mwisho wa mwaka akapewa cheti cha usafi wa nyaraka.

Kazi ya ofisi hiyo ilikuwa hivi. Mhadhiri akitaka ufadhili wa utafiti huandika andiko, yaani maelezo ya anachotaka kuchunguza, kwa nini, kwa muda gani, na nani atafaidika. Wahadhiri wa chuo kile walikuwa na akili nyingi, tena zilizobanana, kiasi kwamba wazo likitaka kutoka halikupata njia. Mtu anayetafuta dawa ya mnyauko wa migomba alianza na kuumbwa kwa dunia, na migomba ikaonekana ukurasa wa ishirini na mbili, wakati mfadhili ameshalala. Basi siku mbili kabla ya tarehe ya mwisho, mlango wa Bi Stamili uligongwa na sauti ya upole ikasema, "Dada, tupia jicho tu."

Kutupia jicho tu maana yake ilikuwa kusoma kurasa arobaini, kukata kumi na tano, kulitoa swali lilikojificha na kulileta mbele, kupiga simu wilayani kutafuta barua iliyosahaulika, na kumkumbusha mwenye andiko kwamba mfadhili aliomba ratiba, hakuomba shairi. Bi Stamili aliifanya kazi hiyo pamoja na msaidizi wake, Bwana Makungu, kwa penseli za HB. Wakimaliza, mhadhiri alichukua ufutio, akafuta alama zote, akanakili andiko upya kwa wino wa bluu na kulipeleka juu likiwa safi. Kila alama aliyoweka Bi Stamili kwa miaka minne iliishia sakafuni mwa ofisi yake, katika vile vijipande vya ufutio ambavyo Makungu alivifagia kila jioni.

*

Mwezi wa tatu Tume ya Kupima Thamani iliingia chuoni na magari sita na mizani moja. Mizani ilitoka ghala la korosho, ile ya kusimama yenye jukwaa la chuma. Mwenyekiti wa Tume, Mheshimiwa Mhandisi Profesa Ludoviko Matimbwa, alipanda juu yake ili aonekane vizuri.

"Ndugu zangu," alisema, "thamani ni kitu, na kitu kina uzito. Kisicho na uzito si kitu. Kanuni hii niliigundua mwenyewe nikiwa kwenye gari. Kila mkuu wa ofisi, Alhamisi saa tatu asubuhi, atakuja hapa na kazi za ofisi yake, zipimwe. Chini ya kilo kumi, tunafunga."

Makamu Mkuu wa Chuo, Profesa Ubwa Magenzi, alisimama kushukuru. Huyu alikuwa mtu mwema, mwenye tabia moja ya kujulikana: husoma kila kilichoandikwa kwa wino mbele yake, bila kuruka na bila kuongeza. Kwenye mahafali yaliyopita alisoma, kwa sauti nzito, "Hapa nyamaza kidogo, unywe maji," na wahitimu wakanyamaza naye. Siku hiyo aliisoma shukrani yake, akasoma na namba ya simu ya mpiga chapa chini ya karatasi, akaketi.

Bi Stamili aliona ni heri amfuate Mwenyekiti mapema, na takwimu mkononi. Alimkuta kwenye chumba cha mikutano, na karani pembeni aliyeshika kalamu ya wino mwekundu.

"Mheshimiwa, kwa miaka minne maandiko sitini yamepita kwetu, na kumi na tisa yalipata ufadhili. Mengine mia moja na kumi hayakupita kwetu. Yaliyopata ni mawili."

"Hayo kumi na tisa yalikuwa mazuri?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Kama yalikuwa mazuri, yaliwahitaji ninyi kwa lipi?"

"Yalikuwa mazuri baada ya sisi kuyashughulikia. Yalipokuja, wazo zuri lilikuwemo, ila limefichika."

"Limefichwa na nani?"

"Na wenyewe walioandika."

"Karani, andika. Mkuu wa ofisi anawatuhumu maprofesa wa taifa kwa kuficha mawazo." Karani akaandika. "Na haya arobaini na moja yaliyokosa, mlikuwepo?"

"Tulikuwepo."

"Andika, walisaidia arobaini na moja yakakosa."

"Mheshimiwa, naomba nieleweke. Bila sisi, hata yale kumi na tisa yasingepata."

"Hilo limetokea?"

"Halijatokea, kwa sababu tulikuwepo."

"Mama," Mwenyekiti alisema kwa huruma ya kweli, "Tume haiwezi kuweka kwenye mizani jambo ambalo halijatokea. Nenda kwa hao uliowasaidia, waandike kwamba umewasaidia. Karatasi nazo zina uzito."

Ushauri huo ulikuwa na mantiki, na ndio uliomuumiza kuliko yote. Fomu ya Tume iligawiwa kwa wahadhiri, nayo ilikuwa na swali moja: *Ni nani alikusaidia kuandika andiko lako?* Bi Stamili alizunguka ofisi kwa ofisi. Alikaribishwa chai kila alipoingia. Kila mmoja alimwambia kwamba bila yeye angeumbuka, na kila mmoja akamweleza kwamba akiandika hivyo kwenye fomu, kamati ya kupandisha vyeo itasema hajui kuandika. Fomu arobaini na tatu zilirudi. Kumi na nane zilijibu "Mwenyewe", ishirini na nne zikajibu "Mungu", na moja "Mungu, kwa kiasi."

"Hii ya 'kwa kiasi' huenda ni yetu," alisema Makungu.

Bi Stamili hakucheka. Alikuwa na hasira mpaka masikio yalimwasha, na kilichomuudhi zaidi ni kwamba tangu Tume ifike alikuwa hajasoma hata andiko moja. Siku zake zote zilikwenda kueleza kazi ambayo hakupata muda wa kuifanya.

*

Jumatano mchana mlango uligongwa. Alikuwa Daktari Eshe Ngonyoka wa Kemia, mwanamke mkimya mwenye mikono iliyoungua kwa tindikali, ambaye kwa miaka sita alihangaika na maji ya Magadini. Visima vya huko vina floraidi nyingi kupita kiasi. Watoto wanayanywa, na mifupa yao inapinda kabla hawajafika darasa la tatu. Daktari Eshe alikuwa amegundua namna ya kuyachuja kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, na kulikuwa na mfuko mmoja wa ufadhili wa nje uliotaka maandiko ya namna hiyo.

"Dada Stamili, tupia jicho tu. Mwisho ni kesho saa sita."

"Kesho? Tangazo si nilikupa mwezi wa kwanza?"

"Nilikuwa natafakari utangulizi."

Bi Stamili alilipokea. Kurasa thelathini na mbili. Mfuko ulisema wazi kwamba andiko linalozidi kurasa kumi na tano halitasomwa. Alifungua. Utangulizi ulianza na chanzo cha maji duniani. Akapekua mpaka ukurasa wa thelathini na moja, na hapo, ndogo kama stempu, kulikuwa na picha ya msichana wa miaka saba hivi, amesimama na ndoo kichwani, magoti yake yakitazamana na vidole vikielekea nje. Alikuwa anamcheka aliyempiga picha.

"Huyu anaitwa nani?"

"Mwanawima. Nyumba yao iko karibu na kisima namba nne."

"Na umemweka ukurasa wa thelathini na moja?"

"Ni kiambatisho," alisema Daktari Eshe kwa aibu. Kisha akaongeza, akiangalia mlango, "Dada, ile fomu. Nilijaza 'Mwenyewe'. Mwezi ujao cheo changu kinajadiliwa. Usinichukie."

Bi Stamili alihesabu saa. Kukata kurasa kumi na saba bila kuua andiko ni kazi ya siku mbili, na alikuwa na mchana mmoja na asubuhi moja, ile ile ya mizani. Mkuu wa ofisi asipofika mwenyewe, ofisi inahesabiwa haipo. Alilisukuma andiko pembeni. Akalivuta tena. Msichana bado alikuwa anacheka.

"Makungu," alisema hatimaye, "kesho utakwenda wewe."

"Niende na nini, Bosi? Hatuna kitu cha kupima."

Kisha Makungu alikumbuka. Alitoa chini ya meza kopo la maziwa ya unga. Humo alikuwa ametunza vile vijipande vya ufutio, vya miaka minne, kwa sababu alikuwa mtu asiyependa kutupa kazi ya watu.

*

Alhamisi saa tatu uwanja ulijaa. Ofisi ya Bustani ilileta magunia ya nyasi, na yalikuwa yamemwagiliwa vizuri kabla ya kuja. Masijala ilileta mafaili ya waliokwisha kufa. Kitengo cha Maturubai na Viti kilileta viti mia nne vya plastiki, maturubai kumi na moja na nguzo zake, kikafika tani nne, na Mwenyekiti akafuta machozi ya furaha.

"Ofisi ya Kuendeleza Utafiti," karani aliita. Makungu akasogea na kopo lake.

"Mkuu wa ofisi yuko wapi?"

"Yuko kazini, Mheshimiwa."

"Ofisi inapimwa, yeye anafanya kazi?"

"Ndiyo, Mheshimiwa. Kuna andiko la saa sita."

Minong'ono ilienea uwanjani, kwa sababu jambo hilo halijawahi kusikika. Kopo likapimwa. Gramu mia sita, pamoja na kopo.

Wakati huo huo Bi Stamili na Daktari Eshe walikuwa wameinama juu ya meza. Chanzo cha maji duniani kilikwenda. Kurasa nne za historia ya kemia zilikwenda, na Daktari Eshe alizisindikiza kwa macho yenye majonzi. Swali likaja ukurasa wa kwanza: je, mkaa wa mifupa unaweza kuwalinda watoto elfu tatu wa Magadini kwa vifaa vinavyopatikana huko huko? Chini ya swali aliwekwa Mwanawima, mkubwa, na ndoo yake. Saa tano na nusu Daktari Eshe alimaliza kufuta penseli na kunakili. Saa sita kasoro dakika nne andiko likaondoka, kurasa kumi na tano kamili.

Saa nane ikaja barua ya wino wa kijani. Ilisema kwamba ofisi haikuwa na uzito, hivyo imefungwa, na wahusika washukuriwe. Makungu alipelekwa getini kuandika namba za magari. Bi Stamili akapelekwa Kitengo cha Maturubai na Viti, Mtunza Viti Daraja la Pili.

*

Stoo ya viti ilikuwa nyuma ya karakana, na ilinuka turubai bichi. Siku ya kwanza alihesabu viti. Siku ya pili alihesabu vilivyovunjika miguu. Siku ya tatu, akitafuta kamba kwenye droo, alikuta chupa ya wino mweusi yenye muhuri wa Sheria ya Wino. Kumbe jambo la kwanza nchi ile ililofanya baada ya kupata uhuru ni sherehe, na ofisi ya kwanza kupangiwa wino ilikuwa ya viti. Alikaa juu ya rundo la maturubai akaitazama chupa ile, akacheka, na kicheko kikageuka kilio, kwa sababu barua tisa ni nyingi. Kisha akaiacha mezani.

Miezi saba baadaye habari zikaja kwamba andiko la Magadini limeshinda. Chuo kilipagawa. Sherehe ikapangwa, ukumbi ukawa uwanja ule ule wa mizani, na Mtunza Viti Daraja la Pili akaagizwa kupanga viti mia nne na kubandika majina. Aliyabandika yote kwa mkono wake, ya Mwenyekiti wa Tume aliyealikwa kama mgeni rasmi, na ya wale wahadhiri arobaini na tatu wa fomu. La kwake halikuwa kwenye orodha, na hakuliongeza.

Asubuhi ya sherehe Profesa Magenzi mwenyewe alipita stoo na hotuba yake mkononi.

"Mama Stamili, wewe si ulikuwa mtu wa kusomasoma? Tupia jicho tu, kisha uiweke kwenye meza ya hotuba."

Aliisoma. Alirekebisha nukta mbili na tahajia ya jina la Daktari Eshe. Kisha akafika aya ya nne: *Chuo chetu kimeshinda miezi saba baada ya kuifunga Ofisi ya Kuendeleza Utafiti. Hii inathibitisha kwamba ofisi ile ndiyo iliyokuwa ikituchelewesha.* Aliisoma mara tatu. Mkono wake ukatafuta penseli, kwa mazoea, ukakosa. Kwenye meza ile kulikuwa na wino mweusi tu. Akachovya kalamu, akaandika pembeni kama alivyowaandikia wahadhiri maelfu ya mara, na akaipeleka hotuba mahali pake.

Watu walikaa. Nyuma ya meza kuu lilitundikwa bango kubwa kuliko gari, na juu yake alikuwepo Mwanawima na ndoo yake, akicheka. Profesa Magenzi aliwashukuru wafadhili, Tume, waleta maji ya kunywa na hali ya hewa. Akafika aya ya nne.

"Hii inathibitisha kwamba ofisi ile ndiyo iliyokuwa ikituchelewesha," alisoma, kisha macho yakateleza pembeni, na kwa sauti ile ile nzito akaendelea: "Ushahidi? Andiko liliondoka saa mbili nzima kabla ofisi haijafungwa. Nani alikata kurasa kumi na saba? Nani alimtoa msichana huyu ukurasa wa thelathini na moja?"

Bi Stamili, aliyesimama nyuma karibu na viti vya akiba, alitazama migongo arobaini na mitatu aliyoifahamu. Kila mtu pale alikuwa na jibu. Mbele kabisa, Daktari Eshe aliinua kichwa, akafungua mdomo, akatazama upande wa kamati ya vyeo, na akaanza kukagua viatu vyake.

Ndipo Mheshimiwa Matimbwa, aliyedhani huo ni ufasaha wa hotuba, alipoanza kupiga makofi. Maprofesa wakafuata. Watu wakasimama. Profesa Magenzi alipendezwa sana, akairudia sehemu hiyo yote tangu "Ushahidi?", na makofi yakawa makubwa zaidi ya mwanzo.

*

Kesho yake Bi Stamili alikuwa stoo akifuta vumbi la sherehe kwenye viti. Mlango uligongwa.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba."

"Kuhusu jana," alisema Daktari Eshe, "nisamehe."

"Kwa lipi? Viti vilitosha."

Daktari Eshe akatoa bahasha chini ya kwapa, kwa mikono miwili. "Wanataka awamu ya pili. Vijiji kumi vingine, na Magadini yenyewe haitaendelea bila hii. Mwisho ni kesho kutwa. Tupia jicho tu."

Bi Stamili alitamani kuitupa nje bahasha ile, na angeitupa. Lakini aliifungua. Maji yalikuwa yanaumbwa tena, ukurasa wa kwanza. Akapekua hadi nyuma, na kwenye ukurasa wa ishirini na nane akakuta wavulana wawili, mapacha, wameshikana mabega ili wasimame. Alikaa. Akavuta chupa, akatoa kizibo.

"Dada," alisema Daktari Eshe haraka, "huo ni wino. Haufutiki, na Sheria ya Wino hairuhusu kunakili upya waraka ulioguswa na wino wa ofisi nyingine."

"Najua."

"Litapanda juu hivyo hivyo. Wataona kila ulipogusa."

"Daktari, kuna viti mia nne hapa. Chukua kimoja ukae. Au chukua andiko lako uende."

Daktari Eshe alitazama mlango. Akawatazama wale mapacha, akalitazama andiko, akautazama mlango tena. Kisha akanyanyua kiti cha plastiki, akakifuta vumbi kwa kiganja, akaketi.

Bi Stamili alipiga mstari mweusi juu ya aya yote ya kwanza, na pembeni yake, polepole ili lisomeke, akaandika jina lake.